Nani Atamwinua Kaka Bafuni

Uyole, Mbeya
18 Februari 2024

Mdogo wangu Damari,

Ndaga. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na binti yako Lea, pamoja na hao Wahehe wengine wa Mlandege uliojichanganya nao hadi umesahau kupika ndizi. Sisi huku hatujambo. Mvua haijapumzika tangu Krismasi. Upepo umeangusha migomba minne, lakini mparachichi umebeba hadi matawi nimeyawekea nguzo. Wajukuu wanakwenda shule. Mkwe wangu Pendo, mke wa mwanangu Isakwisa, naye yupo, anashona nguo za watu kwenye baraza ya nyuma, cherehani inalia kutwa.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilikaa dirishani posta miaka thelathini na mbili, na mpaka leo naamini jambo la maana hufungwa kwa gundi. Halafu simu ya nyumba hii ina sauti kubwa, ukiongea sebuleni wanakujibu wa jikoni.

Sasa kuna jambo. Isakwisa alikuja wiki iliyopita kutoka Chunya, huko kwenye mitambo ya wachimba dhahabu anakofanya ufundi. Akanitazama ninavyotembea, akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia sijaanguka. Akasema, "Baba, siku nikisikia umeanguka, iwe shambani iwe ndani, nakuja na gari, nakupakia, unakwenda kukaa kwangu Chunya." Chunya umewahi kufika. Vumbi linaingia hadi kwenye chai, na mgomba hauoti hata ukiuombea. Tena Blandina wangu amelala hapa nyuma ya jiko. Nikienda, kaburi la mke wangu nani atalipalilia? Sitaki kwenda, Damari. Akikupigia simu mwambie kaka yako ni mzima.

Halafu kuna kitu kidogo. Jirani yangu mmoja ana alama ya bluu pajani, pana kama sahani. Wewe ni nesi, hata kama umestaafu. Ajipake nini? Ni jirani tu.

Nimesahau kukuambia kwamba kwaya ya wazee imenialika. Inasemekana habari zimefika kanisani kuwa siku hizi ninaimba vizuri bafuni.

Kaka yako,
Asukile


Mlandege, Iringa
5 Machi 2024

Kaka Asukile,

Kamwene. Barua yako nimeipokea jana, nikaisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nacheka. Sisi tuko salama. Lea amehamishiwa shule nyingine, anafundisha darasa la tatu na sauti imemkauka. Mimi magoti yananisumbua asubuhi, ila jioni nacheza nayo. Wahehe wanakusalimu, wanasema ukija watakupikia ugali hadi uombe radhi.

Mpe pole jirani yako. Mwambie ajikande kwa maji ya moto. Mwambie pia kwamba Jumanne ya tarehe 6 Februari aliingia bafuni saa nne asubuhi akatoka saa sita kasoro, na humo katikati aliimba nyimbo tisa za kanisa, mbili zikiwa za mazishi. Sijawahi kumwona mtu anayejisugua miguu huku anaimba wimbo wa mazishi. Ulianguka, kaka. Usiniulize nimejuaje, maana sitakuambia.

Nilifanya kazi hospitali ya Tosamaganga miaka mingi. Wazee walioletwa pale kwa sababu ya kuanguka bafuni ni wengi kuliko walioanguka kwenye miti. Bafu lako nalijua. Isakwisa aliweka tailizi za sebuleni, zile za kung'aa. Nilipokuja msibani kwa wifi Blandina niliona uso wangu ndani yake hadi nikarekebisha kilemba. Zikimwagikiwa maji ya sabuni, hata mbuzi hasimami.

Nakutumia mzigo kwa basi. Mna vishikio viwili vya chuma. Kimoja kifungwe ukutani karibu na bomba, kingine karibu na choo, kwa bolti ndefu, si kwa misumari. Mna kapeti la mpira lenye vitundu, la kusimamia wakati wa kuoga. Na mna kigoda cha plastiki chenye miguu mipana, ukae uoge kama mfalme. Isakwisa sijamwambia kitu. Bado.

Dada yako,
Damari


Uyole, Mbeya
2 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Ndaga. Barua yako ya tarehe 5 niliipata tarehe 14, lakini mzigo nimeupata tarehe 25, kwa sababu kondakta aliusahau garini ukaenda Tunduma na kurudi mara tatu. Siku zetu mtu wa namna hiyo asingekaa posta hata wiki. Mahindi yameanza kukomaa. Mjukuu mkubwa, Anjela, amekuwa wa pili darasani, na aliyekuwa wa kwanza anasemekana alichungulia.

Kwanza nataka kujua ni nani anayekumwagia mtama. Kama ni mchungaji, nitaongea naye. Kama ni fundi Dastan, sitampa kazi tena.

Pili, sikuanguka. Niliteleza, nikakaa chini kwa muda. Uzito wangu wote ulilalia mguu mmoja na mguu ukakataa. Sasa wewe umezaliwa Rungwe kama mimi, usijifanye Mhehe. Nilikuwa sina nguo hata moja, na ndani ya nyumba yupo mkwe peke yake. Kwetu mkwe na baba mkwe hawatazamani usoni, hawali meza moja. Yeye akisikia nakohoa hupita mlango wa nyuma, na mimi nikitaka kutoka chumbani hukohoa kwanza ili apate nafasi. Miaka saba tumeishi hivyo kwa heshima, hatujakwaruzana hata siku moja. Sasa nimwite aje anione hivyo? Na nikinyamaza angeogopa, angegonga mlango. Nikaona niimbe, ajue Baba bado anaoga. Wimbo wa saba ndipo mguu ulipoanza kurudi. Wimbo wa tisa nikashika bomba nikasimama.

Vifaa nimevitumia vyote. Vishikio vinabeba uzito vizuri sana, ahsante.

Kaka yako,
Asukile


Mlandege, Iringa
20 Aprili 2024

Kaka,

Kamwene. Huku mvua zimeanza kukatika, baridi inapiga hodi. Lea amepona sauti. Nimefurahi kusikia vishikio vinabeba uzito. Nimeambiwa kwamba uzito wenyewe ni mikungu mitatu ya ndizi, na kwamba vyote viwili umevifunga stoo, kwenye boriti. Kapeti la mpira analilalia paka. Kigoda kipo chini ya mparachichi, unakikalia ukisoma gazeti na kupiga soga na mzee Sedekia. Mpaka gazeti lenyewe naweza kukuambia ni la siku gani.

Basi nisikilize. Tarehe 25 Mei napanda basi la asubuhi kuja Uyole. Nakuja na masanduku mawili na redio yangu ya mahubiri, nakaa miezi mitatu. Naamka saa kumi na moja kusali kwa sauti. Chumvi nitaifungia kabatini. Usipotaka nije, fundi Dastan afunge vishikio bafuni kabla ya siku hiyo, nami nitajua kama vimefungwa.

Tena kuna mlango. Mlango wako unafungukia ndani. Ukianguka nyuma yake, mwili wako ndio unakuwa komeo, na anayekuja kukusaidia hawezi kuingia. Augeuze ufungukie nje. Na lile komeo la ndani litoke.

Halafu niambie jambo moja tu, bila chenga. Vishikio vinapunguza kuanguka, haviondoi kabisa. Siku ukianguka tena nani atakuinua? Mchana kutwa mtu aliyepo hapo ni Pendo. Ongea naye.

Damari


Uyole
9 Mei 2024

Damari,

Salaam. Wote wazima. Baridi.

Vishikio vimefungwa bafuni, bolti nne kila kimoja. Paka amenyang'anywa kapeti. Kigoda kimerudishwa. Mlango unafungukia nje. Komeo limetolewa, na nje ya mlango kuna msumari. Nikiingia natundika kofia yangu hapo, ili nyumba nzima ijue mwenyewe yumo. Kofia ikiwepo hapiti mtu.

Usije.

Asukile


Mlandege, Iringa
1 Juni 2024

Kaka yangu Asukile,

Kamwene. Masanduku nimeyafungua, nguo nimezirudisha kabatini, na kusema kweli niliudhika kidogo, maana nilikuwa nimeshamuaga jirani. Lea ana mchumba. Anasema ni rafiki tu, lakini rafiki huyo ametuletea kuku.

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Nimeihesabu mistari, nikatafuta jibu la swali langu, sikuliona. Umeandika habari za paka, habari za Pendo hakuna.

Nitakuambia kitu ambacho sikukuambia msibani. Marehemu mume wangu Crispin alianguka bafuni mara mbili kabla ya ile siku ya mwisho. Mara zote alinificha. Mimi, nesi, nalala naye kitanda kimoja, akanificha. Nilijua kwa sababu alianza kuoga amekaa, akasema ni mtindo mpya. Nikanyamaza, nikaona nisimvunjie heshima. Mara ya tatu nilikuwa sokoni. Alikaa chini kwa muda wa saa nne, na alikuwa na sauti ya kumwita jirani, hakumwita. Tangu siku hiyo nimeichoka sana heshima ya namna hiyo. Naogopa, kaka. Kati ya watoto sita wa mama yetu tumebaki wawili.

Ongea na Pendo. Hata kwa kupitia mlangoni.

Damari


Uyole, Mbeya
14 Julai 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Ndaga fijo. Barua yako nilikaa nayo wiki tano. Mara ya kwanza niliisoma chini ya mparachichi, nikaenda kupalilia kule nyuma ya jiko ingawa hakuna majani wakati huu wa baridi. Crispin alikuwa shemeji mzuri. Ningejua, ningekuja. Kuku aliliwa? Mwambie Lea rafiki wa kweli huleta wawili.

Swali lako nimelitafutia jibu. Sedekia. Ni jirani wa ukuta kwa ukuta, Mnyakyusa mwenzangu, mwanamume, tumeona mengi pamoja, hakuna aibu. Nimefunga kamba kwenye kishikio cha karibu na bomba, inapita dirishani, inavuka uzio, inaishia barazani kwake kwenye kengele. Nikivuta, anakuja. Umri wake ni miaka sabini na nane, lakini bado anakata kuni mwenyewe.

Nikiri kwamba majaribio yalikuwa na kasoro. Kengele tuliyoitumia ni ya ng'ombe, na Sedekia ana ng'ombe. Siku ya kwanza niliivuta nikiwa nimevaa suti nzima, kwa usalama. Nikangoja. Nikavuta tena. Baada ya nusu saa nikatoka, nikamkuta anarudi kutoka bondeni na fimbo mkononi, jasho linamtoka, analalamika kwamba ng'ombe wake amekata kamba na haonekani. Ng'ombe alikuwa zizini anamtazama. Siku ya pili alikuja, ila alipitia kanisani kwanza, akidhani ni kengele ya ibada. Siku ya tatu alifika kwa dakika nne, kwa hiyo mpango umekamilika.

Pendo sina haja ya kumsumbua. Ana cherehani yake.

Kaka yako,
Asukile


Mlandege, Iringa
3 Agosti 2024

Kaka,

Kamwene. Kuku aliliwa, na wa pili amekuja. Nimecheka hadi Lea akaniletea maji.

Mpango wako una mtu mmoja mwenye umri wa miaka sabini na sita wa kuanguka, na mwingine wa sabini na nane wa kumwinua. Haya. Nina neno moja tu la kitaalamu. Kapeti la mpira linafunika pale unapoogea. Kutoka mlangoni hadi kwenye kapeti ni hatua tatu za tailizi za kung'aa, na Sedekia atakuwa anakimbia. Tailizi hizo zing'olewe, ziwekwe zenye mikwaruzo. Isakwisa ndiye aliyeziweka, mwambie azitoe.

Najua huwezi kumwambia, kwa sababu atakuuliza kwa nini. Ndiyo maana nakuandikia wewe, si yeye. Kwa sasa.

Damari


Uyole, Mbeya
22 Septemba 2024

Mdogo wangu Damari,

Ndaga. Keti kwanza. Wote tupo hai. Ukishakaa, endelea.

Alhamisi ya tarehe 12 nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, naoga. Sabuni ikaniponyoka. Nikainama kuifuata, kigoda kikaegemea upande, nami nikashika kishikio. Bolti za Dastan ni bolti kweli, hazikutikisika. Nilishuka taratibu kama mzigo unaoteremshwa kwa kamba, nikakaa chini, sikuumia. Ila kusimama ikashindikana, mguu ulikataa tena. Nikavuta kengele.

Safari hii Sedekia hakwenda bondeni. Alikuja mbio, na mabuti yake ya zizini miguuni yakiwa na maji. Alifungua mlango, akasema, "Nimefika," na hatua ya pili akawa hayupo tena wima. Alidondokea nyonga. Naisikia ile sauti hadi leo. Usiniandikie kwamba ulisema, ninajua ulisema.

Nilimwita Sedekia, hakujibu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kama jivu, mdomo unatetemeka. Mimi nipo pale nimekaa kwenye maji, sina hata taulo, na rafiki yangu wa miaka arobaini amelala mbele yangu. Nikaanza kuimba. Nakuambia ukweli, Damari, nilianza kuimba. Nikafika mstari wa pili. Sedekia akafumbua macho, akanitazama. Nikamkumbuka Crispin wako na zile saa nne. Nikaukata wimbo hapo hapo.

Nikaita, "Pendo." Sikuwa nimewahi kulitaja jina lake kwa sauti mbele yake. Siku zote ni Mama Anjela, tena kwa kupitia watoto.

Sikumaliza hata kuita. Shitenge liliruka likaingia kwanza, kubwa, limekunjuliwa, likanifunika hadi kichwani. Nilipotoa kichwa, alikuwa ameshaingia kinyumenyume, uso ameuelekeza ukutani, miguu peku. Akauliza, "Baba, umeumia?" Nikamwambia, "Mimi hapana, mwone Sedekia." Alimvuta mzee yule kwa makwapa hadi koridoni, akamwekea mto, akapiga kelele majirani wakaja, bajaji ikaja. Kisha akarudi, bado anatazama ukuta, akaninyooshea mkono nyuma ya mgongo wake. Nikaushika nikasimama. Ni mkono wenye nguvu sana, kumbe cherehani ni kazi.

Sedekia nyonga haikuvunjika, ilitikisika tu. Anatembelea gongo na anasimulia kanisa zima kwamba aliniokoa.

Jioni ile nilijiuliza, shitenge lilitoka wapi haraka namna ile. Nikamtuma Anjela akamuulize mama yake. Anjela akarudi na jibu. Tangu Februari, kila nikiingia bafuni, Pendo alikuwa anaacha kushona, anakuja kukaa kwenye korido upande wa pili wa mlango, shitenge mapajani, anangoja hadi nikohoe. Ndiyo maana cherehani ilikuwa inanyamaza kila nikioga. Mimi nilidhani ananipa nafasi. Na yeye ndiye mmwaga mtama wako, msijifanye. Miezi saba, Damari, amekaa pale kwenye sakafu ya baridi, na mimi namhangaisha Sedekia na ng'ombe wake. Niliona aibu. Halafu niliona furaha, na sikujua niiweke wapi.

Jumamosi Isakwisa akaja na gari. Sijui nani alimwambia, na safari hii siulizi. Alishaandaa maneno. "Baba, tulikubaliana." Akaingia chumbani kwangu akatoa begi langu juu ya kabati, akaanza kupanga mashati. Nikakaa kitandani. Ni kweli nilianguka, tena mara mbili. Nikawa namwangalia anavyokunja mashati vibaya, nikawaza nani atamwambia Blandina.

Pendo akaja akasimama mlangoni kwangu. Mlangoni kwangu, Damari, mimi nikiwa ndani. Akamwambia mume wake, "Baba haendi kokote. Alianguka kwa sababu ya tailizi zako. Nilikuambia dukani siku ile ni za sebuleni, ukasema zinapendeza. Rudisha mashati kabatini, nenda kazing'oe." Isakwisa akanitazama mimi, kana kwamba nitamwokoa. Mimi nikatazama dari. Akatua begi, akaenda kutafuta nyundo. Hadi leo ninapoandika barua hii bafu lina sakafu ya saruji, nyeusi, mbaya kabisa, ukikanyaga inakushika. Tailizi zenye mikwaruzo zinakuja mwisho wa mwezi.

Isakwisa alipoondoka nikaona siwezi kumtuma mtoto tena kwa jambo hili. Nikasimama mwenyewe, nikaenda hadi pale mlangoni, nikamtazama Pendo usoni. Nikamwambia, "Ahsante, mwanangu." Alitazama chini kidogo. Halafu akainua uso, akacheka.

Damari, yule binti ana mwanya. Katika picha ya harusi hakucheka. Miaka saba tupo nyumba moja, nilikuwa sijui.

Kaka yako,
Asukile